Diski ya Bhanu Iliyogoma Kusomeka

Kirit Vadgama hakuwa mtu wa kubembeleza watu, ila mashine alizibembeleza. Taipureta iliyokwama aliipapasa, akaipulizia vumbi, akaisemesha kwa Kigujarati chini kwa chini mpaka ikalegea. Wateja wake wa Biashara Street, katikati ya Nairobi, walikwisha kumzoea: mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, ambaye ukimsalimia anakujibu baada ya kuimaliza skrubu aliyoishika. Aliingia katika chumba kile cha ghorofani, juu ya duka la vitambaa, mwaka wa 1961. Taipureta zilipoanza kupungua akajifunza vikokotoo. Kompyuta zilipofika, miaka ya themanini, na mafundi wenzake kuzikimbia kana kwamba zinauma, yeye alinunua vitabu viwili akavisoma mpaka kurasa zikachomoka.

Imani yake ilikuwa moja tu, na hakuitoa hekaluni: mashine haidanganyi. Ikikataa kufanya kazi ina sababu, na mtu akitulia ataipata.

Julai ya 1994 imani hiyo ilitiwa majaribuni nyumbani kwake mwenyewe, Muthangari. Katika chumba cha nyuma palikuwa na kompyuta kuukuu, na ndani yake diski ngumu ya megabaiti ishirini, nzito kama tofali. Humo ndimo mkewe, Bhanu, alimohifadhi kila alichokiandika kwa karibu miaka mitano. Bhanu alikuwa amefariki mwezi wa Aprili. Diski ilizunguka vizuri, taa yake ikawaka, lakini ilikataa katakata kusomeka.

Kompyuta yenyewe haikuwa zawadi ya kujivunia. Mwaka wa 1989 vidole vya Bhanu vilianza kuvimba kwenye viungo, kalamu ikamshinda. Alikuwa na mazoea ya kuandika jina la Ram, Mungu wake, kwenye madaftari, mstari baada ya mstari, kama akina mama wengi wa kwao wafanyavyo. Si barua wala si hadithi. Ni jina lile lile tu, na kila jina ni dua. Akamwuliza mumewe kama vidole vibovu vinaweza kubonyeza vitufe. Kirit akamletea mashine iliyotupwa na ofisi moja ya bima, akaisafisha, akailaza juu ya meza na kuweka skrini juu yake, akamfundisha kuiwasha, kuhifadhi kazi na kuizima. Kisha, kwa nia njema kabisa, akamwonyesha amri ya kunakili: aandike jina mara moja, mashine ilirudie mara elfu.

"Hapo nani atakuwa ameomba?" Bhanu akamwuliza. "Mimi au mashine?"

Kirit akarudi zake dukani.

Na hapo ndipo penye kisa chenyewe, maana kurudi dukani ndiko kulikuwa maisha yake. Duka lilifungwa saa kumi na moja jioni kama maduka mengine, lakini mwenyewe alibaki ndani. Usimfikirie vibaya: hakuwa na mwanamke wa pembeni, wala chupa. Alipenda tu zile saa za jioni, wateja wameondoka, taa moja inawaka juu ya meza, na mashine iliyofunguliwa mbele yake inangoja. Aliporudi nyumbani kwa Datsun yake, saa mbili, wakati mwingine saa tatu, chakula kilikuwa mezani kimefunikwa. Bhanu alisikia honi, akamfungulia lango, akaja kumpakulia. Walikula. Mungu hakuwajalia mtoto, kwa hiyo hapakuwa na wa kupiga kelele kati yao. Ugomvi haukuwepo. Maneno ndiyo yaliyokosekana, na Kirit, ambaye angesikia beringi inayolia ndani ya mashine iliyo chumba cha pili, hakulisikia hilo.

Baada ya mazishi alidhani atajizika kazini zaidi, yaishe. Wapi. Dukani mikono ilifanya kazi lakini akili haikuwepo, na nyumbani hakuweza kukaa sebuleni zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Alikuwa mpweke, tuseme hivyo hivyo tusizunguke. Alikuwa mpweke kiasi cha kusimama jikoni akisoma maandishi kwenye pakiti ya unga, ili tu awe na kitu cha kusoma.

Aliyemletea shughuli ni Ramila, mdogo wake Bhanu, aliyekaa mtaa wa Jamhuri na kuja kila Jumapili na mikebe ya chakula. Siku moja, akiwa anafunga mikebe mitupu, alisema kwa Kigujarati chao, akimwita bhai, yaani kaka, bila kumtazama:

"Kiritbhai, dada aliacha nadhiri."

"Nadhiri gani?"

"Ya kuliandika jina mara laki moja na robo. Aliiweka mwaka ule ulipomletea mashine. Mwezi wa pili alipokuwa kwangu nilimwuliza, akasema bado anaandika. Basi hakumaliza."

"Alikuwa anaomba nini?"

"Haja ya nadhiri haitangazwi. Hata mimi hakuniambia." Ramila akafunga mkebe wa mwisho. "Lakini ikibaki haijaisha, aliyebaki nyumbani ndiye anayemalizia. Nyumbani umebaki wewe."

Mia na ishirini na tano elfu. Kirit alikuwa mtu wa bisibisi. Hekaluni alikwenda kwa harusi na misiba. Lakini usiku huo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Aprili, maana alikuwa amepewa kazi ya kumfanyia Bhanu. Angefungua diski, ahesabu alikofika, kisha aketi na kumalizia yaliyobaki, hata kama ni elfu sitini, hata kama ni mwaka mzima wa jioni. Alikuwa tayari kuandika kwa kidole kimoja. Aliona hata raha kufikiri kwamba yatakuwa mengi.

Jumapili iliyofuata akaingia chumba cha nyuma. Juu ya meza alikuta kompyuta imelala na skrini juu yake, vile vile alivyoiweka mwenyewe siku ile ya kwanza. Ukutani, juu kidogo ya meza, kwenye kirafu, palikuwa na picha ya Ram na kitaa cha samli kilichozimika. Akaiwasha. Diski ikanguruma, ikapanda sauti, ikatulia. Kisha skrini ikaandika kwamba data haisomeki, na kumwuliza, kwa ule ukavu wake wa siku zote: unaacha, unajaribu tena, au unakubali imeshindikana?

Alijaribu tena. Alijaribu tena mara arobaini.

Alianza kama anavyoanza fundi, na vitu vya bei rahisi. Akabadilisha waya. Akasugua miguu ya shaba kwa kifutio cha penseli. Akaleta kutoka dukani kisanduku kingine cha umeme, akaiwasha kwa disketi badala ya diski yenyewe ili walau mashine imsikilize. Hakuna. Julai ni mwezi wa baridi kali Nairobi, akafikiri labda chuma kimejikunja. Akaipasha diski kwa taa ya mezani saa nzima. Hakuna. Akaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka kwenye friji kando ya maziwa, kwa fikra iliyo kinyume kabisa, kwa sababu mtu akifika hapo hachagui. Kila mara diski ilizunguka bila kulalamika, na kila mara skrini ikauliza swali lake.

Alipoishiwa akili alimwendea Were, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda Kenyatta Market, ambaye walikuwa wakiazimana vifaa kwa miaka. Were aliishika diski, akaitega sikioni, akairudisha.

"Mzee Kirit, hii kitu iko sawa," akasema. "Motor inazunguka poa. Shida ni vile vitu ziliandikwa ndani. Format tu, uanze upya."

"Nikifuta, nitaanza nini upya?"

Were akamtazama, akaelewa kwamba hawazungumzii diski. Akamvutia kiti, akaagiza chai mbili, na wakanywa huku moshi wa nyama ya majirani ukiwapitia. Kirit alimshukuru kwa kile kiti kuliko alivyomshukuru kwa ushauri.

Jumamosi ya wiki ya tatu hakufungua duka, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu 1961 isipokuwa kwa msiba au ghasia. Alikuwa sakafuni katika chumba cha nyuma, magoti yanamuuma, alipoingia Kalekye, mama aliyekuja siku tatu kwa wiki kufua na kusafisha. Kalekye alikuwa na ndoo na kitambaa. Akafuta kirafu cha Ram taratibu, kisha akasimama anaitazama meza.

"Bwana, lakini hii si mahali yake."

"Nini?"

"Hii sanduku. Mama alikuwa anaiweka chini, imesimama kwa upande, inaegemea ukuta. Hii tivii yake ndiyo ilikuwa inakaa kwa meza."

Kirit akaondoa miwani. "Nani aliisimamisha?"

"Mimi na yeye. Ikiwa juu ya sanduku hii tivii ilikuwa inapita picha ya Mungu yake. Mama akasema hapana, Mungu hawezi kukaa chini ya tivii. Tukashusha sanduku chini, ndio Mungu akae juu."

"Lini hiyo?"

"Kitambo. Hata hiyo wiki uliileta. Siku ya maombi ya mazishi ndiyo akina mama waliirudisha juu, wakitaka kufagia."

"Miaka mitano imesimama chini, na mimi sikuona?"

Kalekye akakamua kitambaa chake kwenye ndoo.

"Bwana, wewe ulikuwa huingii huku," akasema, na akatoka na ndoo yake.

Kirit alibaki hapo amejishika kiuno. Uso ulikuwa umemshuka kwa aibu, lakini fundi aliyekuwa ndani yake alikwisha kuelewa. Diski za zamani zile zina mkono mdogo unaosomea, unaopita juu ya sahani bila kuigusa. Ukiandika diski ikiwa imesimama, uzito wa mkono wenyewe unauvuta kando kwa kiasi cha unywele, na kila kitu kinaandikwa unywele mmoja kando. Ukija kuilaza, mkono unatafuta maandishi pale yalipotakiwa kuwa, na hayapo. Yeye mwenyewe aliwaonya wateja wake wasigeuzegeuze mashine. Alikuwa amejaribu kila kitu isipokuwa kuuliza mkewe aliiwekaje, na sasa hapakuwa na wa kuuliza ila anayefua nguo.

Akaibeba kompyuta, akaishusha sakafuni, akaisimamisha kwa ubavu. Kwenye ukuta, karibu na sakafu, palikuwa na alama ya kijivu mahali bati lilipoegemea miaka yote hiyo. Akailinganisha nayo. Akaiwasha.

Diski ikanguruma, ikatulia, na orodha ya Bhanu ikapanda kwenye skrini bila kusita hata kidogo.

Hakusoma kitu kwanza. Alinakili vyote kwenye disketi, moja baada ya nyingine, ishirini na sita, akiziandika namba kwa kalamu, kwa maana aliogopa diski ingebadili nia. Kalekye akamletea chai, ikapoa. Saa nane mchana ndipo alipovuta kiti na kutazama.

Bhanu alikuwa amepanga vizuri kuliko ofisi nyingi anazozijua. Kila mwezi na jalada lake, na ndani yake faili moja kwa kila siku aliyoandika. Kirit akafungua faili ya kwanza, ya tarehe kumi Julai 1989. Ram Ram Ram Ram, mpaka chini. Ya pili, vivyo hivyo. Kuhesabu kulikuwa rahisi: jina ni herufi tatu na nafasi moja, kwa hiyo unachukua ukubwa wa faili na kuugawa kwa nne. Akachukua kikokotoo na karatasi, akaanza kujumlisha, moyo ukimwenda mbio kwa furaha ya ajabu. Alikuwa kazini, na kazi ilikuwa ya Bhanu.

Elfu ishirini kufika Julai ishirini na tano. Elfu sitini na kitu katikati ya Agosti. Laki moja kufika Septemba mwishoni. Hapo kalamu ikaanza kwenda polepole. Siku kumi na nane kabla ya sikukuu ya Diwali ya mwaka ule ule wa 1989, hesabu ilifika mia na ishirini na tano elfu, na faili ya siku hiyo ilikuwa tofauti na zote, kwa sababu chini kabisa Bhanu alikuwa amepiga mstari mmoja mrefu wa nukta. Nadhiri ilikwisha. Ilikwisha katika miezi mitatu.

Lakini kesho yake aliandika tena. Na kesho kutwa. Na miaka minne na nusu baada ya hapo.

Kirit aliitazama orodha bila kuielewa. Akadhani ni nadhiri ya pili, akatafuta mstari mwingine wa nukta, haukuwepo. Akadhani labda katikati ya majina kuna maneno, barua, lawama, chochote. Akafungua faili za 1991, za 1993, akazipitisha kwa jicho mpaka likamwasha. Ram, Ram, Ram. Hakuna mahali alipoandika Kirit.

Ndipo alipoacha kutazama ndani akatazama pembeni. Mashine ile huandika, kando ya jina la kila faili, siku na saa ilipohifadhiwa mara ya mwisho. Yeye alikuwa ameitazama safu ile maelfu ya mara kwenye mashine za watu bila kuiona. Saa mbili na dakika tano usiku. Saa mbili na ishirini. Saa mbili kasorobo. Saa tatu na kumi. Hakuna hata siku moja iliyofanana na nyingine, na kwa mtu aliyepanga vitu vyake vizuri vile, hilo lilikuwa la kushangaza. Kisha akaona kwamba Jumapili zote hazipo. Diwali hazipo. Siku mbili tatu alizolala nyumbani na homa, hazipo. Tarehe saba Julai 1990, siku ya ghasia za Saba Saba, alipofunga duka mapema na kufika nyumbani saa nane mchana, haipo pia. Siku hiyo walikunywa chai barazani, wakasikiliza mji kwa mbali, na Bhanu akamsimulia jambo la utotoni ambalo alikuwa hajawahi kulisikia.

Akateremka mpaka Oktoba ya 1992, kwa kuwa alijua anachokitafuta na alikiogopa. Tarehe ishirini na tatu. Siku hiyo alipata kazi ya mashine nne za kampuni moja, akapiga simu kusema asingojwe. Faili ile ilikuwa kubwa kuliko zote. Majina elfu tano na kitu. Ilihifadhiwa saa tano na dakika ishirini na tano usiku, dakika ambayo, kwa kadiri alivyoweza kukumbuka, alikuwa anapiga honi langoni.

Alikuwa amesema asingojwe, naye akangojwa. Kila jioni, Bhanu aliwasha kitaa, akaketi, na kuandika mpaka aliposikia gari. Ukubwa wa kila faili ulikuwa ni urefu wa kuchelewa kwake, umepimwa sawasawa, usiku baada ya usiku, kwa vidole vilivyovimba. Kirit alidhani upweke uliingia nyumba ile mwezi wa Aprili. Kumbe ulikuwa humo siku zote, umekaa chumba cha nyuma, na yeye ndiye aliyeuleta na kuuacha hapo akarudi zake kazini.

Alilia. Hakuwa amelia siku ya mazishi, watu walikuwa wengi mno na kila mmoja alikuwa na la kumwambia. Sasa alilia kwa sauti, ameinamia vitufe. Kalekye aliyekuwa akianua nguo nje akasikia, akaziacha kwenye kamba, akaketi kwenye ngazi ya jikoni mpaka kukanyamaza.

Kesho yake Ramila alikuja na mikebe. Akaona mashine imesimama kwa ubavu, taa inawaka.

"Imefunguka?"

"Imefunguka."

"Basi yamebaki mangapi, Kiritbhai? Uanze Jumatatu, Jumatatu ni siku njema."

"Hakuna yaliyobaki. Alimaliza kabla ya Diwali, mwaka ule ule."

Ramila akaweka mikebe chini. "Haiwezekani. Mwezi wa pili aliniambia mwenyewe bado anaandika. Kama alimaliza, alikuwa anaandika nini?"

Kirit alikuwa amekesha akilitafutia swali hilo jibu jepesi, na hakulipata.

"Alikuwa ananingoja," akasema.

Ramila akafungua mikebe. Alipakua chakula sahani mbili, wakala, na alipoondoka akamshika bega kidogo, jambo ambalo shemeji wa kwao hafanyi.

Nadhiri ilikuwa ya nini Kirit hakujua, wala hangejua tena. Alichokuwa amekitaka ni kazi ya kumfanyia Bhanu, elfu sitini au elfu kumi au hata mia, na Bhanu hakumwachia hata jina moja. Jumatatu alikwenda dukani kama kawaida. Ilipofika saa kumi na moja jioni alifunika mashine aliyokuwa amefungua nusu, akazima taa ya mezani, akafunga mlango. Mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa akishusha mapazia ya chuma, alimwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, anawahi nyumbani. Alifika Muthangari jua bado lipo, akapiga honi langoni kwa mazoea, kisha akashuka akafungua mwenyewe.